Umehama Mtandao na Mambo Hayaendi: Soma Dalili Kabla ya Kumpigia Mhudumu

Anayehama kampuni ya simu au ya intaneti ya nyumbani hujikuta katikati ya watu wawili. Kuna kampuni aliyoiacha, ambayo haina tena sababu ya kumhangaikia, na kuna kampuni aliyoingia, ambayo bado haijamjua. Kitu kikigoma, hawa humwambia "waulize wapya wako", na wale humwambia "wa zamani hawajakuachia". Hapo ndipo mtu anapopigwa danadana wiki nzima huku namba yake haiiti na watoto hawana intaneti.

Nimewasaidia ndugu na majirani wengi kuhama, na jambo ninalowasisitizia ni moja: usimpigie mhudumu kabla hujajua tatizo limelala upande gani. Tena pande ni tatu, siyo mbili. Kuna kampuni ya zamani, kampuni mpya, na vifaa vyako mwenyewe. Ukipiga simu ukiwa na ushahidi mkononi, danadana huisha mapema. Kwa hiyo kila dalili hapa chini nimeiwekea jaribio la kukuonyesha upande huo.

SIMU YA MKONONI

Ombi la kuhamisha namba limekataliwa

Ujumbe wa kukataliwa huwa mfupi na haufafanui kitu, kwa hiyo watu wengi hurudia ombi lilelile mara tatu au nne na kukataliwa kila mara. Kurudia hakusaidii. Ombi hulinganishwa na kumbukumbu za kampuni ya zamani, na tofauti ndogo tu inatosha kulikwamisha.

Sababu ninayokutana nayo kuliko zote ni taarifa zisizolingana. Laini ilisajiliwa kwa jina la mume, au la mwajiri, au kwa kitambulisho ambacho kimeshabadilishwa, nawe unaomba kwa jina lako na kitambulisho kipya. Au jina lako lina sehemu tatu, wao waliandika mbili. Kwa laini ya mkataba inayolipiwa mwisho wa mwezi, fomu inaweza kutaka namba ya akaunti iliyo kwenye ankara, wewe ukajaza namba ya simu. Dawa ni kufungua ankara ya mwisho au akaunti yako ya zamani na kunakili kila kitu herufi kwa herufi kama wao walivyokiandika, hata pale walipokosea. Kama laini ni ya mtu mwingine kwenye kumbukumbu, umiliki ubadilishwe kwanza huko huko kwa kampuni ya zamani, ndipo uhame.

Sababu nyingine ni deni, mkataba ambao haujaisha, namba iliyohamishwa karibuni na bado iko kwenye kipindi cha kusubiri, au namba ya siri ya kuhamia iliyopitwa na muda. Hizi huonekana mara tu ukiuliza. Kuna moja inayojificha, nayo ni kufuli la usalama. Kampuni nyingi siku hizi humruhusu mteja kuifunga namba yake isihamishwe, ili mwizi asiibebe. Kufuli hilo ni zuri, ila siku unayotaka kuhama lazima ulifungue mwenyewe, na wengi hawakumbuki kwamba waliliwasha.

Halafu kuna laini iliyokwisha kufa. Shangazi yangu alikuwa na namba aliyoitumia miaka mingi. Alipoamua kuhama akaona adabu ni kuaga kwanza: akapiga simu, akaomba laini ifungwe, kisha akaenda kwa kampuni mpya kuomba namba yake. Namba iliyofungwa haihamishiki, kwa sababu kinachohamishwa ni namba iliyo hai. Tulizunguka siku kadhaa hadi wakakubali kuifufua, na walikubali tu kwa kuwa ilikuwa haijapewa mtu mwingine. Kuhama kwenyewe ndiko kunakofunga laini ya zamani. Usiifunge kwa mkono wako.

Kabla ya kuthibitisha, tumia au toa kilichomo. Salio, vifurushi, pointi na pesa iliyo kwenye akaunti ya simu ya kampuni hiyo havisafiri na namba. Vivyo hivyo majina yaliyohifadhiwa kwenye kadi yenyewe badala ya kwenye simu.

Laini mpya imo ndani, simu inasema hakuna mtandao

Kwanza angalia saa. Kampuni mpya hukutajia siku au saa ambayo namba itahama, na kabla ya hapo laini ya zamani ndiyo inayofanya kazi. Weka zote mbili karibu. Laini ya zamani ikizima, zima simu kabisa, weka mpya, washa. Kuwasha na kuzima hali ya ndegeni hutosha mara nyingi, lakini kuzima kabisa huilazimisha simu ijisajili upya kwenye mtandao.

Ikiwa muda umepita na bado kimya, fanya jaribio la kubadilishana. Chukua laini yako mpya, iweke kwenye simu ya mtu mwingine ambayo unajua haijafungwa. Kisha chukua laini ya mtu aliye kwenye kampuni hiyo hiyo mpya, iweke kwenye simu yako. Ni kazi ya dakika tano na jibu lake ni la wazi. Laini yako ikikataa kwenye simu nyingine, tatizo ni la kampuni mpya: kadi haijawashwa au haijaunganishwa na namba yako. Laini ya mwenzako ikikataa kwenye simu yako, tatizo ni simu.

Na simu ikiwa ndiyo mgonjwa, sababu kubwa ni tatu. Inaweza kuwa imefungwa kwa kampuni uliyoinunulia. Hapo huonyesha ujumbe kwamba kadi haikubaliki au huomba namba ya kufungulia, na anayeweza kuifungua kihalali ni kampuni hiyo ya zamani. Watakuuliza namba ya utambulisho ya simu, yenye tarakimu 15, ambayo unaipata kwa kupiga *#06#. Inaweza pia kuwa imewekwa kwenye orodha ya simu zilizoibwa au zenye deni, jambo linalowapata walionunua simu mkononi mwa mtu. Au simu haina masafa ambayo kampuni mpya inayatumia. Hili la mwisho limekuwa kubwa tangu kampuni nyingi duniani zianze kuzima mitandao ya 3G. Simu inayotegemea 3G kwa sauti inaweza kuwa nzima kabisa, na ikanyamaza kwenye kampuni ambayo haina tena mtandao huo.

Onyo dogo hapa. Kadi ikiomba namba ya siri usibahatishe. Ukikosea mara tatu kadi hujifunga na kudai namba ya kufungulia ya tarakimu nane, iitwayo PUK. Ukiikosea hiyo mara kumi kadi hufa moja kwa moja, na hakuna fundi wa kuirudisha. PUK huwa imeandikwa kwenye kipande cha plastiki kilichobeba kadi, kile ambacho watu hukitupa siku ya kwanza.

Kwa laini ya kidijitali isiyo na kadi (eSIM), kumbuka kwamba ile alama ya kuskani mara nyingi hukubali kutumika mara moja tu. Ukiifuta laini kwenye simu ukidhani unaanza upya, huenda ukahitaji kupewa alama nyingine.

Ninapiga vizuri, lakini wengine hawanipati

Hii ndiyo dalili inayowachanganya watu kuliko zote, na ndiyo inayowafanya wahudumu wakane. Mhudumu wa kampuni mpya anaangalia kompyuta yake, anaona laini iko hai, anakupigia hapo hapo na simu inaita. "Mbona inafanya kazi?" Anasema kweli, nawe unasema kweli.

Ili uelewe, fikiria simu inavyokutafuta. Zamani tarakimu za mwanzo za namba zilitosha kuonyesha kampuni ya mwenye namba. Baada ya kuhama, tarakimu hizo hazimwambii mtu kitu. Kila kampuni inalazimika kuangalia orodha ya namba zilizohama kabla ya kupeleka simu. Kampuni ambayo nakala yake haijasasishwa itaendelea kuipeleka simu kwenye nyumba yako ya zamani, na huko hakuna mtu. Ndiyo maana mama anakupata na rafiki hakupati, ingawa wote wanapiga namba moja.

Mara nyingi wanaoshindwa ni wateja wa kampuni uliyoiacha. Simu kati ya wateja wa kampuni moja huishia ndani ya nyumba hiyo hiyo. Ikiwa namba yako haijafutwa vizuri kwenye mitambo yao, mtambo humkuta mteja aliyezima simu, na mpigaji huambiwa hupatikani. Wanaopiga kutoka nchi nyingine nao hupata shida, kwa kuwa simu zao mara nyingi huletwa kwanza kwa kampuni iliyomiliki namba hiyo tangu mwanzo, nayo ndiyo inayotakiwa kuzisukuma mbele.

Jaribio ni kutafuta watu wa kampuni tofauti wakupigie ndani ya nusu saa moja: mmoja wa kampuni yako mpya, mmoja wa kampuni ya zamani, mmoja wa kampuni ya tatu, na ukiweza mmoja aliye nje ya nchi. Andika nani alipata, nani hakupata, saa ngapi, na alisikia nini. Kusikia "namba hii haipo" na kusikia "hapatikani kwa sasa" ni mambo mawili tofauti, na mafundi wanajua tofauti yake.

Wakishindwa wa kampuni ya zamani peke yao, namba haijafutwa huko. Wakishindwa wa kampuni ya tatu peke yao, orodha yao imechelewa. Wakishindwa wote, kampuni mpya haijakamilisha kazi. Saa 24 za kwanza vumilia. Baada ya hapo, lalamika kwa kampuni mpya katika hali zote tatu, kwa sababu wewe ni mteja wao sasa na wao ndio wenye njia ya kuwafikia wenzao. Wape ile orodha yako. Nimeona malalamiko yaliyokaa wiki yakamalizika siku moja baada ya mteja kutaja kampuni zilizoshindwa na saa zake.

Kabla ya hayo yote, ondoa uwezekano mmoja ulio mikononi mwako. Huenda uliwahi kuelekeza simu zako kwenye namba nyingine. Piga ##002# kufuta maelekezo yote, kisha jaribu tena. Na kama simu yako inabeba laini mbili, hakikisha hukuzima ile mpya kwenye mipangilio.

Namba za siri za benki haziji

Simu zinaingia, meseji za marafiki zinaingia, lakini ile meseji ya tarakimu sita ya benki haionekani. Kinachotokea ni kama kile cha hapo juu, ila polepole zaidi. Benki na programu hazitumi meseji zenyewe. Hupitisha kwa wakala wa meseji za jumla, na wakala huyo ana orodha yake ya namba iko kampuni gani. Orodha hizo huweza kuchelewa siku kadhaa. Pia kuna benki zinazosimamisha kwa makusudi kutuma namba za siri kwa laini iliyobadilishwa kadi karibuni, ili kumzuia mwizi.

Jaribio: omba namba ya siri kutoka huduma mbili zisizohusiana. Moja ikifika na nyingine isifike, kampuni ya simu haina kosa. Ongea na benki. Zote zisipofika, ongea na kampuni mpya uwaambie meseji za mashirika haziingii. Ukisema tu "meseji haziingii" watakutumia moja, itafika, na watafunga lalamiko lako.

Njia bora ni kujiandaa siku moja kabla. Hamishia uthibitisho wa akaunti zako muhimu kwenye programu ya kutengeneza namba za siri ndani ya simu, angalau kwa muda wa kuhama. Na usihame siku ambayo una malipo ya lazima. WhatsApp na programu za namna hiyo haziguswi, maana namba ni ileile. Usibonyeze "badilisha namba" humo ndani.

Nisimame kidogo kwa jambo la hatari. Ikiwa hujaomba kuhama, na ghafla simu yako inapoteza mtandao mahali unapoupata siku zote, au unapokea meseji kwamba ombi lako la kuhama limepokelewa, huenda mtu anaiba namba yako ili aingie kwenye akaunti zako za benki kwa kutumia meseji zako. Usisubiri kesho. Tumia simu nyingine, ipigie kampuni yako, kisha benki wafunge miamala.

Sauti iko sawa, data haifunguki

Kwa kawaida hapa ni mipangilio ya simu. Simu imebaki na APN ya kampuni ya zamani, yaani jina la mlango ambao data hupitia. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, rudisha APN kwenye hali ya mwanzo, zima na uwashe. Isipojijaza yenyewe, andika ile iliyo kwenye tovuti ya kampuni mpya. Herufi moja ikikosewa haifanyi kazi. Baadhi ya kampuni ndogo hukodi minara ya kampuni kubwa, na simu huweza kudhani iko ugenini. Kwa hizo, washa data ya ugenini baada ya kampuni kukuthibitishia kwamba hawatozi.

Kama data inashuka kila unapopokea simu, tafuta kwenye mipangilio kitufe cha kupiga simu kupitia 4G ukiwashe. Kisipokuwepo, huenda kampuni mpya haijaikubali aina ya simu yako kwa huduma hiyo.

INTANETI YA NYUMBANI

Kwenye simu kuna laini na simu tu. Nyumbani kuna mnyororo: waya unaotoka nje, kisanduku cha faiba au modemu, ruta, waifai, kisha kifaa chako. Kanuni yangu ni kuanza nje kuja ndani. Watu wengi huanza na waifai kwa sababu ndiyo wanayoiona.

Taa nyekundu kwenye kisanduku cha faiba

Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki. Hakuna mpangilio wa ruta utakaoiponya, kwa hiyo usipoteze muda humo. Angalia ule uzi mwembamba: umekunjwa nyuma ya kabati? Umebanwa na mlango? Uzi wa faiba hubeba mwanga ndani ya kioo, na ukikunjwa kwa ukali mwanga huvuja kwenye kona. Ulegeze uwe na mzingo mpana. Chomoa na urudishe kiunganishi hadi usikie kimeingia. Viunganishi vya kijani na vya bluu havipaswi kuchanganywa: uso wa kile cha kijani umekatwa mshazari, wa bluu haukukatwa hivyo, na ukiviunganisha mwanga mwingi hupotea. Hili hutokea hasa pale fundi mpya anapotumia uzi wa kampuni ya zamani uliobaki ukutani.

Usichungulie ndani ya uzi kuona kama kuna mwanga. Faiba za nyumbani hutumia mwanga wa nanomita 1310 na 1490, ambao jicho halioni lakini linaweza kuumizwa nao.

Ukiweza kuingia kwenye ukurasa wa kisanduku, tafuta nguvu ya mwanga unaopokelewa. Kwa vifaa vingi vya GPON, yaani aina ya faiba inayotumika majumbani, inatakiwa kuwa kati ya -8 na -27 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga). Ikisoma -29 au -30, mpe mhudumu namba hiyo hiyo. Hapo ataagiza fundi badala ya kukuambia uzime na kuwasha.

LOS ikiwa imezimika lakini taa ya PON inapepesa bila kutulia, mwanga unafika ila kampuni haijakitambua kisanduku chako. Soma namba ya mfululizo iliyo nyuma yake, uwape. Kosa la tarakimu moja wakati wa usajili huleta dalili hii hasa.

Taa zote nzuri, intaneti hakuna

Hapa ndipo ruta ya zamani inapoleta matatizo. Watu hununua ruta nzuri, wanahama nayo, wanachomeka waya na kusubiri. Ruta hiyo bado inajitambulisha kwa jina na neno la siri la kampuni ya zamani. Kuna kampuni zinazotaka jina na neno la siri, kwa njia iitwayo PPPoE. Kuna zinazogawa anwani moja kwa moja bila kuuliza. Na kuna zinazotaka namba ya VLAN, yaani namba inayotenga njia ya data, iwekwe juu ya hayo. Waombe mambo hayo matatu kwa maandishi.

Jaribio: tumia ruta waliyokupa wao, bila kubadilisha chochote, na kompyuta iliyochomekwa kwa waya. Ikifanya kazi, laini ni nzima na kosa liko kwenye mipangilio ya ruta yako. Isipofanya, hawana pa kukimbilia. Usiirudishe wala kuiuza ruta yao kabla ya jaribio hili, hata kama unaidharau.

Kuna kampuni nyingine hufunga huduma kwenye kifaa cha kwanza kilichochomekwa. Kama fundi alijaribu kwa kompyuta yake, ruta yako itakataliwa. Zima kisanduku dakika kadhaa, kisha washa ukiwa umechomeka ruta. Ikishindikana, waombe wafute kumbukumbu ya kifaa cha mwanzo.

Tovuti nyingine zinafunguka, nyingine zinaganda

Ikiwa hakuna jina la tovuti linalofunguka lakini kompyuta inapata jibu kutoka anwani 1.1.1.1 (ijaribu kwa amri ya ping), kinachokosekana ni huduma ya kutafsiri majina, yaani DNS. Weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye ruta. Mara nyingi ruta ilibaki na anwani za DNS za kampuni ya zamani, ambazo haziwajibu wasio wateja wao.

Ikiwa kurasa nyepesi zinafunguka na nzito zinaganda nusu, angalia kwenye ruta ukubwa wa vipande vya data inavyotuma kwa mara moja, uitwao MTU. Kawaida ni baiti 1500, lakini PPPoE hula baiti 8, hivyo inatakiwa 1492. Ruta ikiendelea kutuma 1500, baadhi ya tovuti hupita na baadhi hukwama, na mtu anaweza kuilaumu tovuti miezi mitatu.

Kasi siyo niliyouziwa

Anza na hesabu. Kampuni huuza kwa megabiti, kompyuta hupakua ikionyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 100 kikikupa megabaiti 12 kwa sekunde, umepata haki yako.

Halafu pima kwa waya, ruta ikiwa na kompyuta moja tu. Ukipata kasi kamili kwa waya na nusu kwa waifai, kampuni haina kosa. Sogeza ruta itoke nyuma ya televisheni na iwekwe juu, na tumia masafa ya gigahetzi 5 ukiwa chumba kimoja nayo. Kipimo kikiganda kwenye 94 hivi wakati umelipia 300, tatizo ni waya: jozi mbili kati ya nne za ndani zimekatika, au tundu la kifaa kimojawapo ni la kizamani la megabiti 100. Badilisha waya kwanza, ni rahisi kuliko yote.

Kasi ikiwa nzuri asubuhi na mbovu kila jioni hata kwa waya, mtaa unagombania njia moja. Pima saa zilezile siku tano, uandike. Kampuni nyingi zina kipindi cha kujitoa bila adhabu, na rekodi hiyo ndiyo itakayokutoa kabla kipindi hakijaisha.

Vifaa vingine vinakataa kuunganishwa

Ipe ruta mpya jina na neno la siri la waifai lilelile la zamani, herufi kubwa na ndogo zikiwa vilevile. Vifaa vyote vitarudi vyenyewe. Vikibaki vichache, kwa kawaida ni taa, kamera na printa zinazojua gigahetzi 2.4 peke yake, au vifaa vya zamani visivyoelewa ulinzi wa WPA3. Ruhusu WPA2 na WPA3 kwa pamoja.

Kamera za nyumbani hazionekani nikiwa mbali

Zilionekana vizuri kwa kampuni ya zamani, sasa hapana. Anwani za IPv4, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, ni takriban bilioni 4.3 tu duniani, nazo zimekwisha kugawiwa, kwa hiyo kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fungua ukurasa wa ruta uone anwani ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko kwenye anwani ya pamoja na hakuna mlango utakaoweza kuufungua kwenye ruta yako. Omba anwani ya peke yako, ambayo huenda ikalipiwa, au tumia kamera zinazopitia huduma ya mtengenezaji. Ikianza na 192.168, angalia kwanza kama hukuchomeka ruta moja nyuma ya nyingine. Hilo unalimaliza mwenyewe kwa kuigeuza ya kwanza iwe daraja tu (bridge), yaani ipitishe data bila kufanya kazi ya ruta.

Vitu vilivyokufa kimya kimya

Simu ya mezani iliyokuwa kwenye waya wa shaba. Kengele ya wezi au kitufe cha dharura cha mzee kilichopiga kupitia waya huo. Barua pepe iliyotolewa na kampuni ya zamani, ambayo ndiyo umeiandikisha benki. Hivi havitoi taa nyekundu. Vijaribu siku ya kwanza, na barua pepe ihamishe miezi kadhaa kabla. Tena faiba haileti umeme kama waya wa shaba ulivyofanya kwa simu ya mezani: umeme ukikatika, simu hiyo nayo hunyamaza isipokuwa kisanduku kina betri.

NIKIMPIGIA MHUDUMU NISEME NINI

Usianze na hadithi ya wiki nzima. "Habari za kazi dada. Namba yangu ilihama Jumanne. Wa mtandao wenu wananipata, wa kampuni niliyotoka hawanipati, wanaambiwa haipatikani. Wamejaribu watu watatu, saa nne na saa nane. Naomba ulifikishe kwa kitengo cha kuhamisha namba, na unipe namba ya lalamiko." Ataandika, kwa sababu umemfanyia nusu ya kazi. Salamu usiiruke; yule dada ameshatukanwa na watu wengi kabla yako. Ukipiga mara ya pili, anza na namba ya lalamiko.

ANKARA MBILI KWA MWEZI MMOJA

Kwa simu, namba ikihama laini ya zamani hufungwa yenyewe, lakini malipo ya simu uliyochukua kwa mkopo yanaendelea. Kwa intaneti ya nyumbani ni kinyume: katika hali nyingi kampuni ya zamani haijui kwamba umeondoka hadi uwaambie, hasa kama mpya imekuja na waya wake. Mikataba mingi hudai notisi, mara nyingi siku 30. Mimi huwashauri watu wakubali wiki moja au mbili za kulipia kote kuwili, mpya ikisimama imara ndipo watoe notisi. Gharama hiyo inauma, lakini kukaa bila intaneti ukisubiri fundi kunauma zaidi.

Usikate malipo ya moja kwa moja benki siku ileile ya kuhama. Ankara ya mwisho hutoka baadaye, ikikosa kulipwa hugeuka deni, na deni dogo lililosahauliwa ndilo linalokuja kukataliwa nalo ombi lako la kuhama miaka miwili mbele. Ilipe, kisha kata. Ruta yao irudishe na chaja na nyaya zake, uipige picha namba ya mfululizo ionekane, na udai risiti. Risiti hiyo na ankara inayosoma sifuri viweke pamoja, maana barua ya kudai ruta huweza kufika hata baada ya miezi sita.